Wavu Tumboni mwa Mfunga Mikaja

Jumatatu, 3 Juni

Nimefagia, nimeloweka ukindu, nimesuka. Ukili umefika pima nne. Saa nne nikaitwa nyuma ya zahanati kumfunga tumbo binti aliyejifungua Ijumaa. Maji ya moto, mkono, kisha mkaja. Nimemfunga sawasawa. Akalalamika anabanwa. Nikamwambia mkaja ni lazima ukuume, ukipumua kwa raha bado hujafungwa. Mabinti wa siku hizi wanataka kuzaa bila uchungu na kupona bila kufungwa.

Anayefunga matumbo hapa Mzenga ni mimi. Wengine wamejaribu. Wanafunga kama mzigo wa kuni.

Lakini leo nilipopiga goti na kuvuta kile kitambaa kwa nguvu, tumbo langu likatoka. Chini ya kitovu, pale pale kwenye kovu la zamani. Kubwa kama embe dodo. Nikajifanya natafuta pini chini ya kitanda. Nikalirudisha kwa kiganja. Hakuna aliyeona.

Jumatano, 5 Juni

Niandike ukweli, daftari hili halisomwi na mtu. Nilipewa na Neema, mjukuu wangu, mwalimu kule Kibaha, niandike siku za vidonge vya presha. Vidonge nameza bila kuandika. Nimeishia darasa la nne, ila mwandiko wangu unaupita wa mchungaji.

Ukweli ni huu. Nilipasuliwa wakati wa kumzaa kitinda mimba wangu. Kovu likapona vizuri, nikalima, nikatwanga, nikabeba maji. Mwaka juzi likaanza kufura nikikohoa. Sasa linafura hata nikicheka. Ni ngiri. Naijua, nimeiona kwa wengine. Najifunga kanga mbili chini ya gauni, nabana, natoka.

Mfunga matumbo wa kata nzima, lake limefumuka. Wakijua watacheka mpaka Dutumi.

Na Neema ana mimba ya miezi saba. Ya kwanza. Mama yake, binti yangu, alishafariki. Kwa hiyo atafungwa na mimi, si mwingine. Nilimwahidi siku aliponiambia. Sasa kama siwezi kupiga goti na kuvuta, nitamfungaje?

Jumapili, 9 Juni

Mkosi. Kwaya ya wageni imeingia kanisani, nikapiga vigelegele. Cha kwanza sawa. Cha pili sawa. Cha tatu tumbo likatoka na likakataa kurudi. Nikatoka nje nimeinama. Jasho, baridi, nikatapika nyuma ya ofisi ya usharika.

Aliyenifuata ni wifi yangu Tatu, mdogo wa marehemu mume wangu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Akanishika tumbo kabla sijamzuia.

"Wifi! Umemeza nazi na kifuu chake?"

Nikamwambia anyamaze. Nikalala chali kwenye benchi, magoti juu, nikibonyeza polepole. Ibada ikaisha kabla halijarudi. Nimeogopa, sitaficha. Ngumu ile, na inauma kama inatafunwa.

Tatu ameapa kunyamaza. Tatu hajatunza siri tangu abatizwe. Saa tisa Neema alikuwa ameshapiga simu.

Jumanne, 11 Juni

Kibaha. Neema amenipeleka hospitali mwenyewe, na tumbo lake limetangulia mbele. Daktari ni binti mdogo, anaitwa Kabula. Msukuma, mtani wangu. Amenipa shikamoo yangu vizuri, ndiyo maana nikakubali kulala pale kitandani.

Akaniambia nikohoe. Nikakohoa. Akaweka vidole vitatu kwenye tundu na vikaingia. Ndani ya mwili wangu, ukuta wa tumbo umeachana nafasi ya vidole vitatu, na mimi nazunguka nafunga watu. Akasema kilichotokea Jumapili ni utumbo kunasa. Ukinasa ukakosa damu unakufa, na mwenye utumbo anafuata. Hakunizungusha. Nimempenda kwa hilo.

Nikamwambia basi ashone. Akasema kushona tu ukingo kwa ukingo hakutoshi, nyama imechoka, uzi utaikata tena. Anataka kuweka wavu. Wa plastiki. Ukae humo humo mpaka nife.

"Wavu ni wa samaki, mwanangu."

"Na mkeka ni wa nini, bibi? Mwalimu ameniambia wewe ni msusi."

Akafungua droo akatoa kipande kilichokwisha muda wake, cha kuwaonyesha wagonjwa. Akanipa. Akasema nikakisumbue nyumbani, na nikiweza kukichana nimletee vipande.

Mla michembe yule ananichokoza. Nimekitia kwenye pochi.

Jumatano, 12 Juni

Nimelala kwa Neema. Asubuhi analia jikoni. Nani atanifunga bibi, nani atanionyesha. Nimemkemea, mjamzito hadondoshi machozi kwenye chai. Kisha nikaenda chooni nikakaa huko muda mrefu. Naogopa kisu. Naogopa zaidi kitu kigeni kukaa ndani yangu ambacho sijui kimetengenezwaje. Sijawahi kukalia mkeka nisiojua umeshonwaje.

Ijumaa, 14 Juni

Nyumbani. Nimekikagua kile kipande mchana kutwa.

Ukubwa wa viganja sita. Cheupe. Chepesi kuliko unyoya. Kina macho, unaona upande wa pili. Hakikusukwa, kimefumwa kwa sindano kama vitambaa vya makochi. Kina mistari ya buluu imekwenda upande mmoja. Nikadhani urembo. Urembo tumboni, wa nini?

Nimekivuta kwa mikono. Hakichaniki. Nimekivuta kwa meno, yale niliyobakiwa nayo. Hakichaniki. Nimekiloweka maji ya chumvi, nimekianika juani. Wala hakijali.

Tatu kapita. Anauliza hiki ni chandarua cha panya? Nimemfukuza.

Jumamosi, 15 Juni

Leo nimefanya kazi ya maana.

Nimekata vipande viwili vya upana wa vidole vitatu. Kimoja kufuata mistari ya buluu, kingine kuikata. Kila kimoja nimekishona kwenye kijiti juu na kijiti chini. Nimekitundika kwenye boriti ya jikoni, nikaning'iniza ndoo, nikatia maji kopo kwa kopo. Kile kinachofuata mistari hakikurefuka kitu, labda ukucha. Kingine kwa makopo yale yale kikarefuka kidole kizima.

Kumbe kina upande mgumu na upande laini. Kama kanga ukiivuta mshazari inavyokubali, na ukiivuta wima inavyokataa.

Na nimeona jambo jingine. Ndoo ikiwa nzito, macho yanafumba. Yale matundu ya mraba yanakuwa mistari, huoni upande wa pili tena. Nimemwaga maji. Yakafumbuka, lakini si yote, na kipande hakikurudi urefu wake wa mwanzo.

Jumatatu, 17 Juni

Nimetundika tena vipande vile vile. Safari hii vimerefuka kidogo sana. Hilo nalijua. Kitanda cha kamba ukikiwamba leo, wiki ya kwanza kinalegea, ukikaza mara mbili mara tatu kinatulia. Wavu nao unalegea mwanzoni kisha unatulia.

Kisha nimechukua kanga ya zamani iliyochakaa, nimeitoboa tundu la vidole vitatu kama langu. Nimetia kiraka cha wavu. Nilipopitisha uzi ukingoni kabisa, nikavuta, uzi ukachomoka na ukingo. Nilipopitisha vidole viwili ndani, wavu ukashika lakini kanga ikachanika pale palipopita uzi. Nikakata kiraka kikubwa, kikafunika tundu na kuzidi pande zote, nikakilaza bila kukivuta. Nikaiwamba kanga kwenye kiti kisicho na kikalio, nikakalia. Hakikuachia. Nikamwita Tatu naye akalie, na Tatu ni mzito. Hakikuachia.

Kwa hiyo wavu wenyewe haukatiki. Panapoachia ni kwenye mshono. Na anayeharibu ni anayevuta.

Jumatano, 19 Juni

Kitu kimoja kinanisumbua. Ukiwekwa tumboni, ule upande mgumu ukae wapi?

Nimejipima kwa ukili. Nimekaa nimeinama, nikapima kutoka chembe cha moyo mpaka kinenani. Nikasimama nikanyoosha mikono mpaka kwenye boriti, nikapima tena. Vidole vinne zaidi. Kisha ubavu kwa ubavu, kwa namna ile ile. Kidole kimoja, si zaidi. Tumbo la mtu linanyooka kwenda juu na chini, upande kwa upande linashika. Basi mgumu ulale ubavu kwa ubavu, laini ushuke kifuani kwenda chini. Ukigeuzwa, nitakuwa natembea nimekunjamana kama jongoo.

Naenda kumwambia yule mtoto kabla hajaharibu.

Jumanne, 25 Juni

Kibaha tena. Nimemmwagia vipande vyangu mezani. Vijiti, kanga iliyotoboka, ukili wenye mafundo ya vipimo. Nikamweleza yote, na ubavu kwa ubavu. Akatoka akamwita daktari mwenzake, mwanaume, wakanisikiliza wote wawili wamesimama.

"Bibi, haya mambo sisi tumekaa darasani miaka," Kabula akasema.

"Mimi nimekaa chini ya boriti siku tatu."

Wakacheka. Kumbe alijua. Ile mistari ya buluu ndiyo ya kumwonyesha daktari aulaze upande gani. Roho iliniuma kidogo, nilitaka niwe nimegundua mimi. Lakini nimefurahi pia. Mtu aliyefuma wavu ule aliwaza kama ninavyowaza.

Akanieleza kilichobaki. Wavu utalazwa nyuma ya msuli, mpana, uzidi tundu kiganja kizima kila upande, kwa sababu mwilini unasinyaa. Nikamwambia ukindu mbichi nao ukikauka unasinyaa, ndiyo maana tunakata kwa kuzidisha. Nyama yangu itaota kupitia yale macho, isukane nao, viwe kitu kimoja. Itachukua wiki nyingi. Kabla ya hapo umeshikwa na uzi tu. Na hautavutwa, maana ukivutwa macho yanafumba na nyama haina pa kupita.

Hilo nililiona kwa ndoo, nikamwambia.

Nimekubali. Nimeweka kidole na sahihi, vyote viwili, ingawa sahihi ilitosha.

Alhamisi, 27 Juni

Wodini. Kesho. Nimesali. Nimemwambia Neema gauni langu la kuzikwa liko wapi, akaziba masikio. Mwalimu mzima. Nimemkumbusha Kabula: ubavu kwa ubavu. Akasema, "Nimesikia, mtani, mara ya sita." Ni mara ya nne. Msukuma hajui kuhesabu kisichokuwa na pembe.

Jumatatu, 1 Julai

Niko hai. Mwandiko mbaya, nimelala.

Kukohoa ni adhabu. Nashika mto tumboni ndiyo nakohoa. Mrija unatoa maji mekundu.

Alhamisi, 4 Julai

Mrija umetolewa. Nimeruhusiwa, nipo kwa Neema. Nimepewa mkanda mpana wa hospitali, una kitu cha kunatia kama cha viatu vya watoto. Unakaa tumboni umelegea, kazi yake kukumbusha tu. Mkanda gani huo. Kabula amenisomea masharti. Usibebe kitu. Usiiname ghafla. Usikandwe na maji ya moto. Usifungwe kwa kubanwa.

La mwisho hilo, na la kukandwa, ni kwa wasiojua kufunga. Sikumbishia. Nimeitikia ndiyo mwanangu.

Jumatano, 10 Julai

Nyuzi za juu zimetolewa. Kovu safi, jembamba. Tumbo limekaa flati, nikikohoa hakitoki kitu. Hakitoki! Nimesimama mbele ya kioo cha Neema nimekohoa kusudi mara tano mpaka akagonga mlango.

Kesho naenda Mzenga. Neema hataki. Lakini mikorosho inaanza kutoa maua, na nyumba haijilindi. Nina mwezi mmoja wa kujirudishia nguvu kabla hajajifungua. Nguvu nazirudisha kwa namna ninayoijua.

Ijumaa, 12 Julai

Nimempikisha Tatu maji ya moto. Mwenyewe alisita, niandike haki yake.

"Wifi, si daktari alikataza?"

"Daktari amezaa wangapi?"

Akanikanda kwa taulo, maji yanatoa moshi, kiganja kizima, toka mbavuni kwenda kwenye kovu na kukanyaga kovu lenyewe. Niliuma kanga. Nikamwambia akaze. Kisha mkaja. Wangu mwenyewe, ule niliofungiwa na mama yangu. Nikamwelekeza azungushe, aweke goti, avute. Akavuta. Nikamwambia haujauma bado. Akavuta tena.

Sasa ndiyo nimefungwa. Napumua juu juu. Hivi ndivyo mtu anavyopona.

Jumamosi, 13 Julai

Tumeamka tumerudia. Maji, kukanda, mkaja.

Mchana nahisi kitu chini ya kovu. Kimefura. Nimekigusa kupitia kitambaa, kinacheza kama maji kwenye mfuko. Moto. Sijamwambia Tatu.

Jumapili, 14 Julai

Sikwenda kanisani. Uvimbe umekuwa mkubwa kuliko jana, pale pale palipokuwa na ngiri. Mahali pale pale. Nikasema basi, umeng'oka. Wavu umechomoka kwenye mshono na mimi nimekwisha, na Neema atafungwa na manesi kwa plasta.

Nimekaa jikoni. Vile vipande viwili bado vinaning'inia kwenye boriti, sikuvitoa. Nikakishika kile cha laini nikakivuta chini kwa mkono. Macho yakafumba.

Nikakiachia. Nikakivuta tena. Yakafumba tena.

Kwa ndoo yangu mwenyewe, jikoni kwangu, nililiona hili kabla ya kuambiwa. Nikaenda mjini kulifundisha kwa madaktari wawili. Nikarudi nikalala chini, nikamwambia Tatu akanyage kovu la wiki mbili. Nyama haijaota, umeshikwa na uzi tu, na mimi nataka mkaja uniume. Nani mjinga hapa? Nimetukana watu wengi kata hii kwa makosa madogo kuliko hili.

Nimefungua mkaja mwenyewe. Alama zake zimebaki ubavuni kama za kamba kwa mbuzi.

Nimempigia Neema. Nimesema njoo.

Jumatatu, 15 Julai

Kibaha. Kabula aliziona alama za mkaja. Akanipeleka kwenye kipimo cha picha, kile cha mafuta ya baridi. Akasogeza, akasogeza, akarudi palepale. Mimi natazama uso wake tu. Nimezaa watoto wanne na kuzika wawili, na sijawahi kungoja neno la mtu kama nilivyongoja la yule binti.

Akageuza kioo nione. Mstari mweupe umelala. Huo ndio wavu. Umelala ulivyowekwa, haujasogea, haujachomoka. Kilichofura ni maji yamejikusanya juu yake, nyama ilichokozwa kabla haijashika. Hatayatoa kwa sindano, sindano inaweza kuingiza uchafu. Mwili utayanywa wenyewe nikiuacha.

Kisha ndiyo akanigombeza. Mimi! Alisema nilijua, na kwamba mgonjwa asiyejua humwonea huruma lakini mimi nilijua. Neema ameinamisha kichwa, anadhani nitajibu. Kabula alisema kweli, na aliisema vizuri, bila kuzungusha. Angekuwa mjukuu wangu ningejivuna.

Alipomaliza nikamwambia asante mwanangu. Akavuta pumzi. Akasema, "Bibi, wavu uko imara. Wewe ndiye inabidi utulie."

Jumanne, 23 Julai

Nipo kwa Neema, nimenyang'anywa hata ufagio. Uvimbe unapungua. Juma lililopita ulijaa kiganja, leo hauzidi yai. Navaa ule mkanda wa hospitali, umelegea, nanyamaza.

Tatu kapiga simu analia, anadhani ameniua. Nimemwambia kosa ni langu, yeye alikuwa mkono tu. Nimelisema kwa sauti. Halikuniua.

Jumapili, 28 Julai

Asubuhi tumbo ni gumu, kama gauni lililotiwa wanga. Nikitembea mpaka kwa muuza magazeti na kurudi linalainika. Nikijinyoosha juu linakubali. Nikijipinda upande linashika. Ubavu kwa ubavu, kama tulivyopatana.

Ijumaa, 2 Agosti

Kabula ameniona. Maji yameisha. Amebonyeza pande zote, amenikohoza. Amesema nyama imeanza kushikana na wavu, hausikii ukingo. Mzigo bado, kupiga magoti na kuvuta bado. Nikauliza vigelegele. Akafikiri. Akasema kukohoa na kigelegele vinalisukuma tumbo kuliko hata ndoo ya maji, kwa hiyo kimoja, na niweke mkono.

Nimemwachia mkeka mdogo wa kuswalia. Yeye ni Mkatoliki na mimi Mlutheri, lakini ndio ulikuwa tayari. Amesema ataweka miguu.

Ijumaa, 9 Agosti

Neema amejifungua saa tano asubuhi. Mtoto wa kike. Kichwa cha ukoo wetu, masikio ya upande wa baba, yatarekebika.

Niliwekwa nje kwenye benchi pamoja na mume wake, kijana mpole. Nesi akaja na habari. Nikasimama. Nikaweka kiganja chini ya kitovu, cha pili juu yake. Nikapiga kimoja. Kirefu. Watu wa korido wote wakageuka.

Nikangoja. Hakikutoka kitu.

Jumapili, 11 Agosti

Tatu amefika toka Mzenga na mkaja wangu kwenye mfuko wa rambo, ameufua na kuupiga pasi. Sikumwagiza pasi.

Nimekaa kwenye kiti. Tatu amepiga goti. Maji ya uvuguvugu tu, na kiganja kilichotulia, hakuna kukanyaga. Neema amelala chali ananitazama, amejiandaa kuumia. Tangu mdogo anasikia wanawake wakipiga kelele kwenye chumba changu.

Tatu akazungusha. Akaanza kuvuta kama alivyozoea. Nikamwambia acha. Nikashusha mkono wangu, nikaingiza kiganja kati ya kitambaa na tumbo la mjukuu wangu. Hakikupita. Nikamwambia legeza. Nikaingiza tena. Kikapita.

"Bibi, mbona hauumi?"

"Pumua."

Akapumua. Tumbo likapanda, mkaja ukapanda nalo, likashuka, ukashuka. Nikamwambia Tatu atie pini.

Yule binti wa nyuma ya zahanati, niliyembana mwezi wa sita. Nikirudi nitapita kwake. Sijui nitaanzaje, ila nitapita.

Mtoto amelala kwenye mkeka. Nimeomba ukindu wangu, nimesuka kidogo. Pima moja. Unatosha kwa leo.